Utasoma kwa Kiingereza, utaishi kwa Kijapani

Chuo Kikuu cha Tokyo kimetangaza kwamba mwaka 2027 kitafungua kitivo kipya cha ubunifu, UTokyo College of Design, ambacho masomo yake yote yatatolewa kwa Kiingereza. Serikali ya Japani nayo inashikilia lengo ililojiwekea mwaka 2023, la kufikisha wanafunzi wa kigeni 400,000 ifikapo mwaka 2033. Mei 2024 walikuwa 336,708. Habari hizi mbili zikifika kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wetu wanaosaka ufadhili, huwa zimeshafupishwa kuwa sentensi moja: siku hizi Japani Kijapani hakihitajiki. Nimeikuta sentensi hiyo mara nyingi, ikisemwa na watu waliosoma na kwa nia njema kabisa, hata nikaona kunyamaza ni kushiriki.

Kilichobadilika ni kidogo kuliko kinavyosemwa. Kiingereza kimefungua mlango wa darasa, basi. Kijapani hakijaondoka, kimehamishwa. Zamani kilikaa kwenye ratiba ya chuo, kikiwa na mwalimu, kipindi na mtihani. Sasa kimesukumwa kwenye jioni za mwanafunzi mwenyewe, baada ya maabara na baada ya kibarua, wakati ambapo kichwa kimeshachoka. Gharama ni ileile ila mlipaji ni mwingine, na kijana anayeambiwa hatalipa ndiye atakayelipa zaidi, kwa kuwa ataanza akiwa amechelewa.

Njia ya zamani ilikuwa ngumu lakini ilieleweka. Kijana aliyepata ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza alitumia mwaka mzima kwenye lugha tu, ama katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Tokyo ama Chuo Kikuu cha Osaka, kisha akaingia miaka minne ya mihadhara ya Kijapani pamoja na wenyeji. Njia hiyo bado ipo. Anayejilipia hupitia shule ya lugha mwaka mmoja au miwili, halafu hufanya EJU, mtihani wa wageni wanaotaka kuingia vyuo vikuu, ambao tangu mwaka 2002 hufanyika Juni na Novemba. Mabadiliko yalishika kasi mwaka 2009, serikali ilipochagua vyuo 13 kuanzisha shahada za Kiingereza. Mwaka 2014 vikafuata vyuo 37 katika mpango mwingine wa miaka kumi. Kwetu Afrika mlango mpana ulikuwa ABE Initiative, uliotangazwa Yokohama mwaka 2013 kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika: vijana 1,000 kwa miaka mitano, shahada ya uzamili kwa Kiingereza, na mafunzo kazini katika kampuni za Kijapani. Vijana wengi wa Kenya, Tanzania na Uganda wamepita mlango huo, na wanaporudi nyumbani simulizi lao huwa la kweli kwa upande wao: nilisoma, nikamaliza, Kijapani changu kikaishia kwenye salamu.

Hapa ni lazima turudi nyuma kidogo, maana wengi hudhani Wajapani walishindwa Kiingereza na ndiyo sababu vyuo vyao ni vya Kijapani. Mambo yalikwenda kinyume. Chuo Kikuu cha Tokyo kilipoanzishwa mwaka 1877, sehemu kubwa ya mihadhara ilitolewa kwa lugha za Ulaya na wahadhiri wa kigeni walioajiriwa kwa mishahara minono. Wajapani waliona hiyo ni hali ya kupita tu. Wasomi wao wakakaa chini kutunga msamiati: Nishi Amane ndiye aliyeunda neno tetsugaku, wakati sisi tulikuwa tumeshapokea falsafa kupitia Kiarabu. Ndani ya kizazi kimoja wahadhiri wa Kijapani wakachukua nafasi za wageni na kufundisha fizikia, sheria na udaktari kwa lugha yao. Mtanzania hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Anatoka katika nchi ambayo mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili miaka saba katika shule ya msingi ya serikali, kisha siku moja ya Januari anaingia sekondari na kukuta mwalimu wa mtaa uleule wa kwao akimwambia seli sasa inaitwa cell. Tumebishana kuhusu lugha ya kufundishia tangu kabla sijazaliwa. Na bado watu walewale wanaodai Kiswahili kipandishwe hadi chuo kikuu ndio wanaopiga vigelegele Tokyo inapoweka Kiingereza. Sisemi ni unafiki. Nasema tunaisifu Japani kwa kuacha kitu ambacho sisi tunalia hatujakipata, wala yenyewe haijakiacha: kitivo kimoja au programu mia moja za Kiingereza ni vyumba vya wageni katika nyumba ambayo sebule, jiko na ua vinaongea Kijapani.

Wanaosema Kijapani kisimsumbue mwanafunzi wana hoja nzito moja, nayo ni muda. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria saa 2,200 za darasani kwa Mmarekani kufika kiwango cha kufanyia kazi Kijapani. Kiswahili, kwa hesabu ileile, ni saa 900. Sasa chukua mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili. Hata akipewa kozi kali ya miezi sita, saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, likizo zikiondolewa atapata saa 400 au zaidi kidogo. Hajafika hata robo ya safari. Mhandisi kutoka Naivasha anayekwenda Chuo Kikuu cha Kyushu kusomea jotoardhi ili arudi Olkaria, makala za fani yake ziko kwa Kiingereza, msimamizi wake huchapisha kwa Kiingereza, na kazi inamsubiri nyumbani. Huyo nisimtwishe herufi elfu mbili. Ajifunze kuomba msamaha, kuuliza bei na kusoma dirisha la tiketi, aende zake na jiwe lake la volkano. Namkubalia bila kinyongo.

Lakini huyo si kijana wa kwenye grupu. Kijana wa kwenye grupu anataka kusoma, kisha abaki afanye kazi miaka michache, au arudi awe daraja kati ya kampuni ya Nagoya na soko la Kariakoo. Hoja ya mhandisi inakopwa na mtu asiye mhandisi.

Halafu ipo hoja dhaifu, ambayo ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: simu itatafsiri. Niseme wazi kwamba mimi mwenyewe simu ingeniokoa. Mwaka wangu wa kwanza kule Japani nilikuwa napokea bahasha kutoka mfuko wa pensheni, zenye maandishi madogo yaliyojaa kama mchwa, na kwa miezi minne nilizipanga chini ya mfuko wa mchele nikidhani ni matangazo. Kumbe kila mkazi mwenye miaka 20 hadi 59 hudaiwa mchango huo, mgeni na mwenyeji, na mwanafunzi akijaza fomu moja ya ofisi ya manispaa huruhusiwa kuahirisha. Bibi wa ghorofa ya chini ndiye aliyenisomea, kidole chake kikifuata mstari, huku akivuta pumzi kwa meno kama mama anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Leo ningeipiga picha ile bahasha na kuisoma kwa sekunde tatu. Karatasi, basi, simu imeziweza.

Isichokiweza ni kile ambacho Kijapani hakikitamki. Kiswahili hubeba nafsi ndani ya kitenzi: ukisema alinipa, tayari umeshasema nani, kwa nani na lini. Kijapani huiacha nafsi nje kabisa na kutegemea ngazi ya heshima ikuambie. Itadakimashita ni kitenzi kimoja, hakina mimi wala yeye, ila unyenyekevu uliomo ndiyo unaokujulisha kwamba aliyepokea ni upande wa msemaji na aliyetoa ni wa kuheshimiwa. Mashine ikikutana na ujumbe wa sentensi tano za namna hiyo kati ya mwanafunzi na profesa hubahatisha nafsi, na wakati mwingine hubahatisha vibaya, ukajikuta umekiri kosa la mwenzako. Kisha kuna yale yanayotamkwa kwa maana nyingine. Profesa akikwambia pendekezo lako ni chotto muzukashii, simu itakuandikia kwa uaminifu kabisa: ni gumu kidogo. Utakwenda kulitengeneza wiki mbili, na jibu lilikuwa hapana. Mtu wa pwani aliyewahi kuambiwa tutaona, inshallah, na mwenye nyumba anayedaiwa ukarabati wa bomba, anaielewa lugha hiyo vizuri kuliko programu yoyote.

Na hapa ndipo ninapowashangaa wanaotuambia Kijapani ni cha watu wengine. Kwa sikio, Kiswahili na Kijapani viko karibu kuliko inavyodhaniwa: irabu tano zilezile, silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, na Mswahili husoma maneno ya Kijapani kwa herufi za Kirumi siku ya kwanza huku Mwingereza darasani akijing'ata ulimi. (Mtego ni mmoja: nani kwao ni nini kwetu. Siku za mwanzo utaulizwa kitu ukajibu jina la mtu.) Jioni mtu akitoka kazini huambiwa otsukaresama, na darasani kwetu mwalimu alihangaika robo saa kulieleza neno hilo kwa Kiingereza bila kufaulu, wakati mimi nilikuwa nimeshaandika daftarini: pole na kazi. Mtu aliyelelewa na shikamoo hashangazwi kwamba umri huamua salamu, ingawa atashangazwa kwamba huko heshima haiishii kwenye salamu, inaingia hadi kwenye kitenzi cha kula na cha kwenda.

Ugumu upo kwenye maandishi, si lele mama. Mbali na silabi za hiragana na katakana kuna kanji, na orodha rasmi ya zile za matumizi ya kawaida ni 2,136. Idadi yenyewe haitishi kama tabia yake. Chukua moja tu, 生. Ndani ya gakusei, yaani mwanafunzi, inasomwa sei. Ndani ya tanjōbi, siku ya kuzaliwa, inageuka jō. Ikisimama kwenye ikiru, kuishi, ni i. Kwenye umareru, kuzaliwa, ni u. Na ikiwa peke yake kwenye ubao wa mkahawa ni nama, kitu kibichi, au bia ya pipa, kutegemea na saa uliyoingia. Hakuna kanuni itakayokuepusha na kuikariri moja moja. Ndiyo maana nasema aanze mapema: kanji hazikubali kulimbikizwa kwa mwezi wa mwisho, zinataka ishirini leo, ishirini kesho, na kusahau kumi katikati.

Anayetaka kuona Kiingereza kinapoishia aende kwenye maabara yoyote ya programu ya Kiingereza. Kikao cha wiki huendeshwa kwa Kiingereza kwa heshima yako. Slaidi za Kiingereza, maswali mawili ya Kiingereza, makofi. Profesa akitoka, wenzako wanasogea penye birika la umeme kumwagia maji ya moto tambi za kopo, na katika zile dakika tatu za kusubiri tambi zilainike ndipo inapoamuliwa nani atatumia mashine Alhamisi, nani amegundua sampuli za wiki iliyopita zimeharibika, na mkubwa alikuwa anamaanisha nini alipokohoa. Hakuna aliyekuficha. Wamechoka tu, na mtu aliyechoka hurudi kwenye lugha ya mama yake. Wewe umesimama na kopo lako unatabasamu.

Baada ya shahada hesabu huwa kali zaidi. Tangu Mei 2019 mgeni aliyehitimu chuo kikuu cha Japani anaweza kupata kibali cha kazi za aina nyingi, hata zile za kuhudumia wateja ambazo awali zilifungwa kwake, lakini sharti awe na N1, ngazi ya juu kabisa ya JLPT, mtihani wa kupima Kijapani cha wageni, au alama za juu katika mtihani wa Kijapani cha biashara. Katika mfumo wa pointi za wataalamu wenye sifa za juu, ambapo mtu anahitaji 70, N1 peke yake huleta 15. Na kabla ya vibali kuna usaili wenyewe: fomu za kujieleza, mitihani ya mantiki kwenye kompyuta, duru tatu au nne za mahojiano, vyote kwa Kijapani katika kampuni nyingi, na vyote vikianza kabla mwanafunzi hajamaliza masomo. Aliyeambiwa Kijapani hakihitajiki hugundua ukweli huo akiwa mwaka wa mwisho, saa ambayo mwenzake wa Nepal au Vietnam, aliyepitia shule ya lugha na miaka miwili ya kibarua cha dukani, saa 28 kwa wiki, anapokea simu ya pili ya kuitwa.

Hata hivyo nisiwape silaha wauza vyeti. JLPT haipimi kuongea wala kuandika. Ni mtihani wa kuchagua jibu, na wapo wenye N2, ngazi ya pili kutoka juu, safi ukutani ambao simu ya mezani ikilia wanatazama dirishani. Njia nyingine ya kukijua Kijapani ni kuishi mahali ambapo hakuna anayekuhurumia. Mwaka 1989 Mkenya Joseph Otwori alikimbilia Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin katika Hakone Ekiden, mbio za kupokezana kati ya Tokyo na milima ya Hakone zinazofuatwa na Japani nzima kila Januari, na tangu hapo wanafunzi wa Kenya wamekuwa sehemu ya mbio hizo. Hao hawakuwa na programu ya Kiingereza. Walilala bweni moja na wenzao, wakafua soksi zao na kukaripiwa na kocha kwa Kijapani, na mmoja wao, Stephen Mayaka, baadaye akachukua uraia na kuwa kocha wa timu ya chuo. Oussouby Sacko wa Mali, msanifu majengo aliyefika Kyoto kwa kupitia China, aliongoza Chuo Kikuu cha Kyoto Seika kuanzia 2018 hadi 2022. Kiti hicho hakikaliwi na mtu anayesubiri kutafsiriwa.

Ushauri wangu kwa mwombaji ni mfupi. Ukipewa kozi ya lugha ya miezi sita usiiombee msamaha ili uwahi maabara. Hiyo ndiyo sehemu ya ufadhili ambayo hutaweza kuinunua baadaye. Unapochagua programu ya Kiingereza, tazama kama Kijapani kinahesabiwa kwenye alama za shahada au kimewekwa pembeni kama michezo ya jioni. Huko Beppu, Ritsumeikan Asia Pacific, chuo kilichojengwa tangu mwaka 2000 kwa lugha mbili, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyeingia kwa Kiingereza hulazimika kusoma Kijapani. Waliokiunda walijua kitu.

Kwa nchi, jambo lenyewe ni zito kuliko ajira ya mtu mmoja. Agosti 2025, wakati wa TICAD ya tisa, JICA, shirika la serikali ya Japani la ushirikiano wa maendeleo, liliiunganisha miji minne ya Japani na nchi nne za Afrika, Tanzania ikipewa Nagai ya mkoani Yamagata, mji ulioshakuwa mwenyeji wake wakati wa Olimpiki ya Tokyo. Ulikuwa mpango wa kubadilishana ziara na ujuzi. Ukageuka, kwenye vichwa vya habari upande wetu, kuwa mji uliotolewa kwa Watanzania, na kwa Nigeria ikasemwa kuna viza maalumu. Ofisi za miji hiyo midogo zikafurika simu za wakazi wenye hasira, na mwezi uliofuata JICA ikaufuta mpango wote. Taarifa za Kijapani zilizoeleza mpango ulivyo zilikuwa wazi kwa yeyote. Ilihitajika watu wachache tu upande huu wa kuzisoma asubuhi ile, waseme hapana, haijaandikwa hivyo.

Wenzetu wao wanasoma. Chuo Kikuu cha Osaka kina Kiswahili kama somo kuu la shahada. Vijana wa Kijapani hukaa nacho miaka minne, ngeli na vitenzi na yote, na sijawahi kusikia kwamba kuna aliyeambiwa asijisumbue kwa kuwa Watanzania wanajua Kiingereza. Niliwahi kuwa kwenye kikao cha mradi mmoja Dar es Salaam, siutaji. Kiingereza kilikwenda vizuri hadi tukafika kwenye bei ya vipuri. Upande wetu watu wawili wakainamiana wakanong'ona kwa Kiswahili, na dada mmoja wa Kijapani aliyekaa mwisho wa meza akainua macho kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha wao wakageukiana, wakazungumza Kijapani kwa sauti ya kawaida kabisa, kama dakika mbili, hakuna aliyenong'ona. Sisi tukawa tunafungua chupa za maji.